Vidonge vya Jirani

Mjomba wetu, mzee wa miaka 74, twaishi naye hapa Boko, naye ndiye mkubwa wa nyumba. Katika mwaka 2023 moyo wake ulianza kwenda pasipo mpango: mara mbio, mara kimya, kisha mbio tena. Miguu ikavimba. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa na ganzi kwa miaka mingi, na shinikizo la damu alilokuwa akilitibu tangu zamani likashuka lenyewe. Sisi tukafurahi, kumbe nayo ilikuwa dalili.

Jirani mmoja mwenye maradhi ya moyo alitupa vidonge vyake vya kupunguza mapigo, kwa kuwa yeye vilimfaa sana. Twakiri kwamba tulimpa mjomba bila ya kumwuliza daktari. Siku ya pili, akitoka kutawadha kwa swala ya alfajiri, alianguka uani akazimia.

Tukampeleka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Baada ya vipimo vingi tukaambiwa jina tusilopata kulisikia: amiloidosi. Protini zilizojikunja vibaya hujikusanya katika nyama ya moyo, kuta zikanenepa na kukakamaa. Moyo mgumu haujai damu vema. Kila pigo hutoa kidogo tu, basi mwili huishi kwa wingi wa mapigo. Ukiyapunguza, umempokonya mgonjwa kile kidogo alichobakiwa nacho. Ndiyo sababu dawa za kutuliza mapigo, ziwafaazo wagonjwa wengine, kwa hawa hutolewa kwa hadhari kubwa, na digoksini kadhalika. Amiodaroni mara nyingi huvumilika zaidi.

Lakini habari ya damu ndiyo iliyotutisha. Vyumba vya juu vya moyo wa namna hii havisukumi sawasawa. Damu hutuama humo ikaganda, na donge likifika ubongoni huwa kiharusi. Kwa hiyo mgonjwa huyu hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, hata kama kwa hesabu ya kawaida ya hatari asingeandikiwa. Tena kabla ya kuushtua moyo kwa umeme ili urudi katika mwendo wake, hufaa madaktari wauchungulie kwanza kwa kifaa kipitishwacho kooni, wasije wakalifukuza donge lililojificha.

Mjomba angali nasi, alhamdulillahi. Jirani hatukumlaumu, maana mkono uliompa mjomba kidonge ulikuwa wetu. Kila jioni mzee hutuuliza, “Hivi ni vyangu?” Nasi humsomea jina lililoandikwa juu ya bahasha, ndipo anywe.