Kuona na Kuonea

Yamkini baadhi yenu mtastaajabu kuona kurasa hizi, zilizozoea ushairi, sarufi na methali, zikipewa habari za mbwa. Wenzetu wa Pwani hasa, ambao dini na desturi vimewalea kumweka mbwa mbali na vyombo na mavazi, watauliza mwalimu wa lugha ana nini na mnyama huyo. Lakini hata katika mafundisho ya Kiislamu kipo kisa mashuhuri cha mtu aliyeteremka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake kwa tendo hilo. Basi tunaomba ruhusa tuyasimulie yaliyotufika.

Tunaishi Bugolobi, upande wa mashariki wa mji wa Kampala, katika nyumba ndogo ya kupanga iliyo kwenye mteremko unaoelekea kinamasi cha Nakivubo. Juu yetu ziko nyumba za ghorofa na majumba yenye kuta ndefu. Chini yetu ni mafunjo, na wale korongo wakubwa ambao Waganda huwaita kaloli huzunguka angani tangu asubuhi. Ua wetu tunashirikiana na wapangaji wengine wawili, na mlinzi wa usiku ni mmoja, mzee aliyewahi kuwa askari. Ndiye aliyemleta mbwa wetu, Simba, miaka tisa iliyopita, angali mdogo wa kubebwa mkononi, akamfunza kazi kwa Kiswahili cha kambini: Kaa! Toka! Kamata!

Mwaka jana, wakati wa mvua za masika, Simba alianza vituko. Giza likiingia alikataa kuondoka barazani. Akisukumwa, aligonga ndoo ya maji ikamwagika. Jioni moja aliikumba sigiri, na chakula cha nyumba nzima kikaishia mavumbini. Hatuna haja ya kuficha: tulishika fimbo tukampiga, wala haikuwa mara moja. Tulisema amezeeka, tena amekuwa mkaidi. Kilichotuudhi zaidi ni kwamba hakukimbia. Alijikunyata pale pale, kichwa chini, nasi tukadhani ni kiburi. Kumbe hakujua fimbo inatoka upande gani.

Mlinzi alitutazama siku hizo zote bila kusema. Hatimaye, jioni moja, alivua kofia yake akatusogelea.

"Samahani, Mwalimu. Huyu mbwa mnamwonea. Haoni."

Tulibisha. Macho ya Simba yalikuwa maangavu, na usiku, yakipigwa na mwanga wa tochi, yaliwaka kupita zamani. Mzee hakujibu. Aliokota unyoya wa kuku, akauinua mbele ya pua ya mbwa, akauachia uanguke taratibu. Simba hakugeuza hata sikio.

Usiku ule hatukupata usingizi upesi. Kwa miaka mingi tumewafundisha wanafunzi mnyambuliko wa vitenzi, na kitenzi kuona tumekiandika ubaoni mara nyingi: kuona, kuonea, kuonana, kuonekana. Tulikuwa tukieleza kwamba kuonea kumeachana na maana ya asili, kukawa ni kumtesa mtu asiye na uwezo wa kujitetea. Hatukuwahi kuwaza kwamba siku moja mzee asiye na cheti angetupa vitenzi hivyo viwili kwa pumzi moja, na kwamba sisi ndio tungekuwa mfano wake.

Daktari wa mifugo alirudia jaribio la mzee kwa kipande cha pamba, kisha akamulika macho kwa chombo chake. Alitueleza kwamba retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ulikuwa umenyauka. Ni maradhi ya kurithi, hayana maumivu wala dawa. Huanza kwa kuondoa uwezo wa kuona gizani, kisha huumaliza hata ule wa mchana. Ule mwanga uliotudanganya ulikuwa dalili mojawapo, kwani mboni hubaki zimepanuka na nuru hurudishwa nje kwa wingi.

Mpangaji mmoja alishauri achomwe sindano apumzike. "Mbwa wa ulinzi asiyeona ni wa kazi gani?" aliuliza. Swali hilo halikuwa la kipuuzi. Chakula cha mbwa kina gharama, chanjo ina gharama, na mshahara wa mwalimu wasomaji wetu wanaujua. Tulilibeba swali hilo siku tatu. Tulimkumbuka Francis Okello Oloya wa Gulu, aliyepofuka utotoni kwa mlipuko wa bomu. Yeye amesimulia jinsi mbwa wa shuleni kwao walivyokuwa wakimsindikiza usiku kwenda msalani, na baadaye alianzisha mradi wa kuwakutanisha mbwa wasio na wenyewe na watu waliojeruhiwa nafsi na vita vya kaskazini. Ikiwa mbwa wasiokuwa na mafunzo yoyote waliweza kumwongoza mtoto wa watu, sisi wenye stashahada ya ualimu tungeshindwaje kumwongoza mbwa? Lakini neno lililokata shauri lilitoka kwa mlinzi. "Mwalimu," alisema, "hata mimi siku hizi usiku sioni mbali. Tunasikia, mimi na yeye. Mwacheni."

Tukamwacha, na hapo ndipo ualimu wetu ulipopimwa. Daktari alituagiza tusihamishe viti wala meza; bakuli la maji likae mahali pamoja; mkeka wa kamba utandikwe kwenye ukingo wa baraza, ili miguu yake ijue kwamba ngazi zimekaribia. Tena mtu asimguse kabla ya kusema neno, kwa maana mbwa asiyeona akishtuliwa huweza kumuuma hata mtoto anayempenda. Na chanjo ya kichaa cha mbwa tusiiache mwaka hata mmoja. Hayo yote yalikuwa mepesi. Lililotushinda wiki ya kwanza ni lugha. Simba akifika kwenye ngazi, binti yetu mkubwa alimwelekeza kwa Kiingereza, mdogo wake kwa Kiganda, mama watoto akasema "Teremka," nasi tukasema "Shuka." Mnyama alisimama mguu mmoja juu, akitetemeka, masikio yakimgeukia kila msemaji kwa zamu.

Tulikaa kikao cha nyumba. Kwa kuwa Simba alilelewa kwa Kiswahili, tuliafikiana kwamba Kiswahili kitumike, na kila jambo liwe na neno lake moja tu: panda, shuka, ngoja, mlango, maji. Na yasemwe kwa sauti ya upole, kwani yeye hakuwa na kitu kingine cha kushika. Mwezi haukuisha kabla Simba hajaanza kushuka ngazi zile tatu kwa neno moja, pole pole, naye mwenda pole hajikwai. Watoto wetu, ambao Kiswahili kwao kilikuwa somo la mtihani, walianza kukitumia tangu alfajiri bila kuambiwa.

Sisi tunaofundisha Uganda tunaijua historia ya lugha hii hapa nchini. Wengi wa rika la wazazi wetu walikizoea Kiswahili vinywani mwa watu wenye bunduki, kwenye vizuizi vya barabarani vya miaka ya 1970 na 1980, na amri zenyewe zilikuwa zile zile za Simba: Kaa! Toka! Tangu mwaka 2005 Katiba imekitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tunashukuru. Lakini hofu iliyoingia kwa sauti haitolewi kwa waraka. Barazani petu tumekisikia Kiswahili kile kile cha mzee askari kikibadilika kuwa cha kumshika mkono asiyeona, na majirani waliokuwa wakikicheka sasa humwambia Simba "Ngoja" pikipiki inapopita langoni.

Siku moja mtoto wetu mdogo aliuliza kwa nini tunasema "kipofu amefika," wala hatusemi "kipofu kimefika," ilhali kiti na kikombe husemwa hivyo. Tulimpa jibu la darasani: kipofu ana uhai, basi upatanisho wake hufuata uhai wake, wala haufuati umbo la jina. Alifikiri kidogo, akasema, "Hata Simba?" Tukamwambia, hata Simba.

Lipo jambo la mwisho, ambalo ndilo lililotusukuma kuandika. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na msichana wa kidato cha kwanza aliyekaa dawati la nyuma. Kila alichonakili kutoka ubaoni kilikuwa na makosa: herufi zilibadilika, mistari iliruka. Tulimwita mvivu mbele ya wenzake, tukamsimamisha kipindi kizima. Naye hakujitetea, aliinamisha kichwa, nasi tukadhani ni kiburi. Muhula uliofuata hakurudi shuleni, na baadaye jamaa yake alitueleza kwamba macho yake yalikuwa hafifu tangu utotoni. Hatujui alipo leo. Simba alipojikunyata chini ya fimbo yetu, tulikuwa tumekwisha kuliona umbo lile.

Siku hizi, kila mwanzo wa muhula, tunaandika sentensi moja ubaoni, kisha tunamwomba kila mwanafunzi aisome kutoka dawati la nyuma kabisa. Kazi hiyo haimalizi nusu ya kipindi. Mwaka huu tumewapata wawili wasioweza kuisoma, na wote wawili sasa wanakaa mbele.

Simba yu hai. Saa kumi na mbili jioni mzee hufika langoni, akaita jina lake kwanza, kisha akasema, "Shuka." Mbwa hunusa mkeka, akashuka ngazi tatu, wakaenda pamoja kukaa langoni.