Mgeni Ndani ya Jicho

Bibi kizee wa Kwakoa aliyeingiwa na mtoto wa jicho huiona Milima ya Upare kama moshi, na wajukuu huwatambua kwa sauti zao. Katika Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, tabibu huitoa lenzi iliyochafuka akatia ya plastiki. Hekima hii ilizaliwa na vita. Harold Ridley, tabibu wa London, aliona vipande vya vioo vya plastiki vya ndege vimetulia machoni mwa marubani bila ya kuwasha. Mwaka 1949 akatia lenzi ya kwanza ya namna hiyo.

Lakini seli hai haiishiki plastiki tupu. Kwanza maji ya mwili huitandika protini. Kisha seli hunyosha vishikizo vyake, viitwavyo integrini, ikatafuta alama iijuayo. Alama moja mashuhuri, ya asidi amino tatu tu, ilitambuliwa na Pierschbacher na Ruoslahti mwaka 1984. Katika mshipa wa damu wa bandia mshiko huo ni neema. Katika jicho ni mashaka: seli zilizosazwa na kisu hutambaa juu ya utando ulio nyuma ya lenzi, zikarudisha ukungu baada ya miezi au miaka. Lenzi yenye ukingo mkali, iliyogandamana na utando, huwa boma mbele yao. Zikilipenya, mwali wa leza hutoboa utando kwa dakika chache.

Ila leza haipandi basi kwenda Kwakoa. Bibi ndiye aifuataye. Naye huenda akadhani ni uzee uliomrudia, akakaa kimya na ukungu ambao ungaliweza kuondoka.