Nilimgombeza mama wa watu bure (Sehemu ya 6)

Mama zangu, na wadogo zangu mnaolea, niliahidi leo tuzungumzie chanjo. Chanjo itakuja. Kuna jambo limenikaa moyoni, na mkosaji ni mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma, hapahapa Tabora, alikuja mama na kijana wake wa miaka tisa. Kilichowaleta ni kikohozi tu. Mtoto akafungua kinywa nimwangalie koo, nikakuta meno ya mbele yana madoa ya kahawia, mengine yamemeguka pembeni. Mie na mdomo wangu nikaanza: mama, huyu mtoto anapiga mswaki kweli? Akanijibu kwa upole, "Anapiga, nesi, asubuhi na usiku. Na maji nachemsha kama mlivyotufundisha." Nikaendelea kusema kama sijamsikia. Mtoto akafumba kinywa, akatazama chini. Wakati wanatoka ndipo mama akaniambia kwamba shuleni wanamwita Tumbaku.

Mtoto yule alilelewa kwa bibi yake upande wa Manyoni, mkoa wa Singida, hadi alipofikia umri wa kuanza shule. Waliosoma historia watakumbuka kwamba misafara ya zamani, ikitoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, yaani hapa kwetu, na kwenda mbele hadi Ujiji, ikishapita Ugogo iliingia pori la Mgunda Mkali. Wapagazi waliliogopa kwa sababu ya kiu. Siku hizi kuna visima. Lakini baadhi ya visima vya Singida, kama ilivyo Arusha na Shinyanga, vina madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Floraidi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi katika miaka ya mwanzo ya mtoto, wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, jino huja kuota likiwa na doa tayari, na hakuna mswaki wa kulitoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa.

Hapa sasa naomba usome taratibu. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, na hilo usiliache, kuhara bado kunaua watoto. Lakini maji yakichemka sana yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki kwenye sufuria, na yale yaliyobaki yanakuwa nayo zaidi kuliko mwanzo. Yaani yule mama alifanya kila tulichomwambia, na mimi nikamgombeza juu.

Nilikuja kulielewa hili kwa kusoma habari za Mtanzania mwenzetu, Dk. Askwar Hilonga. Amezaliwa kijiji cha Gongali, Karatu, akakua anayaona magonjwa ya maji nyumbani kwao. Akaenda Korea Kusini kusomea udaktari wa falsafa katika mambo ya nano, yaani vitu vidogo ajabu. Chukua milimita moja uigawe mara milioni, kipande kimoja ndicho nanomita. Akarudi kufundisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Angeweza kuishia kwenye makaratasi ya kitaalamu, na wengi huishia hapo. Yeye akatengeneza chujio. Maji yanapita kwanza kwenye mchanga unaozuia uchafu na vijidudu, kisha kwenye chembe za nano zinazonasa floraidi na metali ambazo mchanga hauziwezi. Na chujio linapangwa kufuatana na maji ya mahali, kwa kuwa shida ya kisima cha Arusha si lazima iwe ya bwawa la Igombe. Akaanzisha kampuni, akaipa jina la kijijini kwao, Gongali Model. Mwaka 2015 akawa wa kwanza kabisa kupata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, pauni 25,000.

Tuzo ni nzuri, ila mie kilichonigusa ni kingine. Chujio lile wakati huo liliuzwa takriban dola 130. Niambie, mama gani wa kijijini anatoa zaidi ya laki mbili kwa ajili ya chujio? Hilonga aliliona hilo. Wakaweka vituo vya maji: mjasiriamali analiendesha chujio, wewe unakuja na ndoo yako, unanunua maji safi kwa bei unayoimudu. Kwangu mimi hapo ndipo ugunduzi ulipotoka maabara kweli.

Na msidhani kampuni ni tamaa ya pesa tu. Chembe zinazonasa floraidi zinajaa, kama sifongo. Zikijaa, maji yanapita yaking'aa vilevile, na floraidi yake ndani. Lazima awepo mtu wa kupima na kubadilisha, mwaka huu na mwaka kesho. Pampu ngapi za msaada zimelala huku vijijini kwa kukosa mpira mmoja tu? Kwa hiyo ukinunua chujio la aina yoyote, muulize muuzaji: linaondoa floraidi au vijidudu tu? Linabadilishwa lini, na nani?

Kwenu wenye wachanga: maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima hicho. Miezi sita ya mwanzo mpe ziwa peke yake. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi nayo huwa hayana shida hii, ila yachemshe. Na magadi ya kuivishia maharage yapunguzeni, mengine yamejaa floraidi.

Yule mama nilikutana naye tena, sokoni. Nikamwomba radhi palepale, kati ya mafungu ya nyanya. Akacheka, akasema yalishapita. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Nesi, mdogo wake nimemwachisha ziwa mwezi uliopita. Bibi anamtaka kule Manyoni. Nimpeleke?" Nikamwuliza bibi anachota kisima gani. Hakujua. Akatoa simu, akampigia tukiwa tumesimama hapohapo.