Damu Isiyofuata Njia Iliyozoeleka

Wapendwa, sisi tunaowatembelea wagonjwa twasikia mara kwa mara ndugu zao wakiuliza: ni nani aliyemfanyia hivi? Swali hilo huwa zito zaidi pale mtu aliyeamka mzima anapoanguka ghafula. Ndiyo maana tumeona vema tutafakari pamoja juu ya ugonjwa uitwao anevrisma.

Anevrisma ni uvimbe mdogo unaotokeza kwenye ukuta wa mshipa wa damu mahali ulipo dhaifu, hasa pale mishipa mikubwa inapogawanyika chini ya ubongo. Katika kila watu wazima 100, wapatao 3 wanao bila kujua, na wengi wao hautapasuka kamwe. Ukipasuka, kwa kawaida damu huenea katika nafasi nyembamba yenye maji inayouzunguka ubongo. Mgonjwa hushikwa mara moja na maumivu ya kichwa makali kuliko yote aliyopata kuyajua. Hutapika, shingo hukakamaa, pengine huzimia.

Lakini damu haifuati njia hiyo siku zote. Mshipa wa ubavuni mwa ubongo ukipasuka, damu yaweza kupenya ndani ya ubongo wenyewe, mkono na mguu vikapooza. Ule wa mbele huweza kuimwaga katika vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo. Damu nyingine hushuka hadi kwenye uti wa mgongo, na baada ya siku chache mgonjwa hulalamikia kiuno na miguu. Mara nyingine hata jicho huvuja damu kwa ndani, kwa sababu ya shinikizo kubwa kichwani. Hali hiyo yaitwa kwa jina la Terson, daktari wa macho wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1900.

Iko pia njia adimu inayoweza kuzaa ugomvi. Tulikaa na jamaa ya baba mmoja aliyekutwa amelala uani, ana jeraha kichwani. Skana ilionyesha damu chini ya utando mgumu unaoufunika ubongo, mahali ambapo mara nyingi damu hukusanyika mtu akipigwa au akianguka. Kabla ya jioni, jirani aliyegombana naye juma lile alikuwa amekwisha kutajwa. Wengine walinong'ona habari za uchawi. Ndipo mke wake akakumbuka kwamba mumewe alipiga kelele, amejishika kichwa, kabla ya kuanguka. Neno hilo lilimfanya daktari aagize picha ya mishipa, na anevrisma iliyopasuka ikaonekana. Si kuanguka kulikoleta damu. Damu ndiyo iliyomwangusha. Baba huyo alifariki kabla ya kufanyiwa upasuaji. Jirani yule alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Kwa hiyo, ndugu, tushike mambo machache. Maumivu ya kichwa yanayofika ukali wake wote mara moja yasisubiri dawa ya malaria imalizike. Mgonjwa asipewe aspirini, bali apelekwe hospitali siku ile ile, maana hatari ya kupasuka mara ya pili ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza. Skana huiona damu vizuri zaidi katika saa 6 za kwanza. Baada ya siku kadhaa damu hufifia, na picha safi yaweza kudanganya. Hapo madaktari huweza kuchota maji ya uti wa mgongo, ambayo rangi yake ya manjano hufichua damu iliyovuja.

Na anayemsindikiza mgonjwa aeleze alichokiona na kukisikia: saa ngapi yalianza, mgonjwa alisema nini, kipi kilitangulia, maumivu au kuanguka. Ushuhuda huo mfupi waweza kumwokoa mgonjwa. Waweza pia kumwokoa jirani asiye na hatia.