Kidani cha Kuazima, Kitabu cha Kuazima

Wengi mnaniuliza, mtu akiolewa akapelekwa bara, tena mbali kama huku Tarime, masomo yake yanakuwaje? Habari za baridi na ugali wa mtama nimeshazisema. Leo nataka jambo ambalo hakuna somo anayemfunda bibi harusi: maktaba ya chuo.

Pa kusoma hapakosekani. Tarime pana chuo cha ualimu na chuo cha maendeleo ya wananchi, na Serengeti kuna Kisangura. Vyuo hivi vya wananchi vilianza 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vile vya Sweden, na humpokea hata mtu mzima aliyekatisha skuli. Shida ni vitabu. Kitabu cha mbinu za kufundishia hukikuti dukani, na maktaba ya mkoa iko Musoma. Tegemeo lako ni rafu za chuo.

Masharti ya maktaba za vyuo hayapishani sana. Unajisajili kwa kitambulisho, unapewa idadi ya vitabu na tarehe ya kurudisha. Ukichelewa, faini, ukipoteza, unalipa. Kamusi na vitabu vyenye nakala moja kwa kawaida havitoki, unasomea humo humo. Siku na idadi za chuo chako ziulize mapema.

Lakini kinachotuponza sisi wanawake si faini, ni huruma. Mwenzangu mmoja, chuo sikitaji, alimpa shoga yake kitabu alichoazima kwa jina lake mwenyewe. Shoga akaolewa, akahama, kitabu kikahama naye. Mwisho wa masomo kuna ile fomu ya kuzungusha: maktaba, bweni, uhasibu, kila mmoja atie saini kuwa hudaiwi. Maktaba haikutia. Cheti kikakaa ofisini, na tangazo la ajira likafungwa yeye akitafuta nakala nyengine madukani Mwanza. Na yule shoga hakuwa mtu mbaya, wallahi.

Mambo haya tunayajua, basi tu hatuyahusishi na vitabu. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na nguo ambayo mabibi harusi wa Madina wakituma kuiazima siku ya kupambwa, imo katika Sahihi ya Bukhari. Na ni yeye aliyeazima kidani kwa dada yake Asmaa, kikapotea safarini, watu wakasimama kukitafuta mpaka ikateremka aya ya tayamamu. Msafara mzima kwa kidani cha mtu! Masheikh wa Kishafi wanakiita kitu cha namna hii ariya: kikipotea mikononi mwako unakilipa hata kama hukuzembea, na huna ruhusa ya kumuazimisha mwengine bila idhini ya mwenyewe. Ukizitazama kanuni za maktaba, ni yayo hayo.

Kwa hiyo wewe unayefungasha kwenda kwa mume, au unayeahirisha mwaka kwa uzazi, rudisha vitabu kabla hujapaka hina, na usiondoke mpaka uone jina lako limefutwa daftarini. Mwenzio akikitaka kitabu, nendeni pamoja kaunta: kirudi kwa jina lako, kitoke kwa jina lake. Akinuna, mwache anune.