Chaja ya Kompyuta ya Maktaba

Jumatatu, 3 Machi 2025

Alama ya radi ya njano imetokea tena kwenye kona ya skrini. Raspberry Pi 4, kompyuta yetu ya maktaba, huonyesha alama hiyo volti zikishuka chini ya 4.63 hivi. Kidato cha pili walikuwa wanafungua somo la moyo, darasa zima kwa mkupuo, mashine ikazima na kujiwasha. Nimeandika amri ya vcgencmd get_throttled, jibu likaja 0x50005: umeme ni pungufu sasa hivi, na kasi imebanwa. Kasi si hoja. Ninachohofia ni kadi ya memori. Umeme ukikatika wakati inaandikwa, mafaili yanaweza kuharibika, na maktaba yote ya shule isiyo na intaneti imo humo.

Alhamisi, 6 Machi

Chaja tunayotumia imeandikwa 5V 3A. Nimeweka mita kwenye pini ya 2 na ya 6 za bodi: ikitulia, 4.9, diski ya nje ikianza kuzunguka, 4.5. Waya nao una lawama yake. Ni mrefu, tena mwembamba. Waya wenye ukinzani wa omu 0.2 tu, zikipita ampea 2, unameza volti 0.4 njiani.

Jumamosi, 8 Machi

Kariakoo, jua kali. Kijana wa duka kanitolea chaja ya kompyuta mpakato, wati 65. "Mwalimu, hii inawasha laptop, kadude haka kataishindaje?" Nikamwomba tusome maandishi ya mgongoni: 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A, 20V 3.25A. Wati 65 zote ziko kwenye volti 20, na Pi haiombi volti 20. Kwenye volti 5 inabaki na wati 15, basi. Nyingine, boksi lake lina maandishi makubwa ya wati 22.5, kwenye volti 5 inatoa ampea 2. Ile nimeirudisha mezani pale pale.

Chaja rasmi ya Pi 4 ni 5.1V 3A, na waya wake umeungwa humo humo, hiyo 0.1 inafidia kinachopotea njiani. Dukani hawakuwa nayo. Ilikuwepo ya Pi 5, 5.1V 5A, yaani wati 25.5. Ni ghali zaidi, lakini Pi 4 inaitumia bila shida kwa kuwa bodi huvuta inachohitaji tu. Tena shule ikipata Pi 5 tutakuwa tayari: hiyo ikipewa ampea 3 hubana milango yake ya USB isivuke miliampea 600. Nimechukua.

Jumanne, 11 Machi

Pini zinasoma 5.0 diski ikiwa kazini na darasa limejaa. Jibu la amri ile leo: 0x0, yaani safi. Kesho namwandikia mkuu wa shule tununue ya pili kama hii ikae kabatini, pamoja na kadi ya memori ya nakala, kabla ya mitihani ya muhula.