Paka Mzee Anayechagua Chakula
Paka aliyepita miaka 10 akikonda, watu husema ni uzee tu. La hasha! Mara nyingi ni meno mabovu au figo zilizochoka. Aonwe kwanza na daktari wa mifugo.

Paka huonja kwa pua. Kwa hiyo mama wa nyumbani achemshe ndagala wabichi wa Ziwa Tanganyika, bila chumvi wala kitunguu, awaponde, ampe wakiwa vuguvugu ili harufu ipande; kidogo kidogo, mara 4 au 5 kwa siku. Maziwa yaachwe, kwani huweza kumharisha. Apimwe kila juma kwenye mizani ile ile.

Akigoma kula siku 2, asingojewe: ini huharibika upesi, na mlinzi wa ghala akafa njaa mbele ya sahani iliyojaa.